Mtoto Wetu Yu na Nani Baada ya Alasiri?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, mzazi wa mji huu akiulizwa mwanawe yuwasoma skuli gani, hujibu pasina kufikiri. Akiulizwa yu chuo gani cha Kur'ani, na amefika juzuu ya ngapi, hujibu pia, tena kwa furaha. Lakini akiulizwa: saa kumi na moja za jioni mwanao huwa na nani? Majina yao ni yapi? Ni wana wa nani? Hapo wengi wetu huinama. Suali hili tuliulizana sisi wenyewe katika darsa yetu, na katika wote tuliokuwapo ni wawili tu walioweza kutaja hirimu watatu wa wana wao kwa majina na kwa nyumba zao. Wengine tulijua jina moja, nalo ni la utani.

Mtoto wa miaka 13 hata 18 ana saa zake ambazo si za mwalimu wala si za mzazi. Ni zile za baina ya Alasiri na Isha, na za Jumamosi na Jumapili, na za likizo nzima nzima. Katika saa hizo ndimo mna mpira, na kikundi cha kasida, na skauti, na kuogelea, na mashindano ya kusoma Kur'ani, na maskani ya pembeni mwa njia. Sisi wazee huziita saa za mchezo, kana kwamba hazihisabiwi. Lakini mtazameni kijana wa miaka 20: matamshi yake, mwendo wake, anachokionea haya na asichokionea haya. Mengi katika hayo hakuyapata darasani wala hakuyapata sebuleni kwa babake. Aliyapata katika saa hizo, na aliyapata kwa wenziwe.

Watu wetu katika mas-ala haya wamegawanyika mafungu mawili. Kuna wasemao: mpira ni lahau, wapoteza sala na kufunua mapaja, basi na ufungwe mlango. Na kuna wasemao: mwacheni acheze, atachoka, atalala, hatakuwa na nguvu za kufanya maovu. Sisi twakiri kwamba zamani tulikuwa wa fungu la kwanza, na leo hatukuhamia la pili. Mafungu yote mawili yautazama mpira, na hapana amtazamaye yule aliyesimama ubavuni mwa mtoto wakati mpira umetoka nje.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan ametueleza habari za dhalimu atakayejiuma mikono Siku ya Kiyama, akijuta kwamba alimfanya fulani kuwa rafiki, kwani ndiye aliyempoteza baada ya mawaidha kumfikia. Baadhi ya wafasiri wamesema kwamba Aya hizo zilishuka kwa sababu ya Uqba bin Abi Mu'ayt, aliyekuwa ameanza kumwelekea Mtume (s.a.w.), kisha akarudishwa nyuma na lawama za sahibu yake, Ubayy bin Khalaf. Tazameni: mtu huyu hakurudishwa kwa hoja. Hakuletewa dalili ya kuyabatilisha aliyoyasikia. Alirudishwa kwa kuogopa uso wa rafiki. Na Uqba alikuwa mtu mzima, mwenye jina katika Makureshi. Basi itakuwaje kwa mtoto wa miaka 14, ambaye hana cheo chochote duniani ila kile alichopewa na wenziwe?

Na iko ile hadithi ya mwenye kuuza miski na mwenye kuvukuta moto wa uhunzi, aliyoipokea Abu Musa Al-Ash'ari na kutolewa na Bukhari na Muslim. Hapana khatibu asiyeitumia. Walakini sisi waalimu tuna kosa moja katika kuitumia: twamtaja mhunzi na cheche zake, na nguo iliyoungua, na harufu mbaya, kisha twateremka mimbarini. Mtume (s.a.w.) alianza na muuza miski. Akahisabu kwake mambo matatu: ama akupe, ama ununue kwake, ama upate harufu njema bure. Kwa mhunzi akahisabu mawili. Faida imetangulia, tena imezidi kwa idadi. Basi mwenye kumwambia mwanawe kila jioni asiende kwa mhunzi, na asimwonyeshe duka la miski liko mtaa gani, huyo amesoma nusu ya hadithi.

Twapenda tusimame kidogo kwa Malik bin Al-Huwayrith, kwa sababu habari yake haisomwi sana kwa jicho hili. Asema, kama ilivyo katika Bukhari, kwamba walimwendea Mtume (s.a.w.) hali ya kuwa ni vijana, na umri wao wakaribiana, wakakaa kwake siku ishirini. Neno hilo la kukaribiana umri hakulitia bure. Lilikuwa kundi la hirimu moja, wameacha kwao, wanakula pamoja na kulala pamoja na kusali pamoja. Leo tungeliita kambi ya vijana. Na Mtume (s.a.w.) hakuwafundisha tu. Malik amsifu kwa upole na huruma, na asema kwamba alitambua wamewatamani watu wa nyumbani kwao. Akawauliza wamewaacha nani nyuma, nao wakamwambia. Kisha akawaamrisha warejee, wakawafundishe watu wao, na wasali kama walivyomwona akisali. Hapa mna mambo ambayo mwenye kuongoza vijana hana budi nayo: awajue hali zao hata kabla hawajasema, awaulize habari za nyumbani, na awarudishe kwao na kazi mkononi. Vikundi vingapi vyetu vina mtu wa namna hiyo? Twaogopa kuvihisabu.

Na Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) tangu utotoni kwa miaka kumi, asimulia kwamba siku moja alitumwa kazi, akatoka, akapita kwa watoto wanaocheza sokoni, akasimama hapo. Mara akahisi ameshikwa kisogo kwa nyuma. Kugeuka, ni Mtume mwenyewe, na yuwacheka. Akamwuliza kwa upole kama ameshakwenda alikotumwa, na Anas akasema ndiyo, yuwaenda. Sisi tungalimpiga kofi mbele ya wale watoto, na siku ya pili angalikuwa wao zaidi kuliko kuwa wetu.

Wataalamu wa zama hizi nao wameyachungua mambo haya, na ilimu ya kweli hatuikatai kwa sababu ya mji ilikotoka. Katika mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani walitangaza habari za jaribio walilolifanya kwa watu 306, wengine ni watoto wa miaka 13 hata 16, wengine vijana wa miaka 18 hata 22, na wengine watu wazima. Waliwapa mchezo wa kuendesha gari katika kompyuta, ambao mtu huamua asimame lini baada ya taa kugeuka rangi. Wengine walicheza peke yao, na wengine mbele ya hirimu zao wawili. Walioangaliwa walijitia hatarini zaidi kuliko waliokuwa peke yao, na jambo hilo lilikuwa kubwa zaidi kwa watoto na vijana kuliko kwa watu wazima. Mtoto ni yule yule, mchezo ni ule ule. Kilichozidi ni macho mawili mawili ya wenziwe. Kila aliyewahi kuwaona watoto wetu wakiruka majini kutoka juu ya ukuta, hana haja ya kwenda Marekani kuyajua haya. Aliye peke yake huchutama ukingoni akapima. Wakija wenziwe watatu, huruka kichwa mbele.

Na wako wawili wengine, Jacquelynne Eccles na Bonnie Barber, waliowafuatia wanafunzi wa Michigan na kutoa matokeo yao mwaka 1999. Haya yafaa kusikilizwa na mafungu yetu yote mawili. Waliona kwamba waliocheza katika timu za michezo waliipenda skuli zaidi na kuendelea vizuri zaidi katika masomo. Na watu hao hao walikunywa pombe zaidi ya wenzao. Waliojiunga na kazi za kanisa na za kujitolea hawakufuata njia hiyo ya pombe. Basi kila mchezo una watu wake na desturi zao, na mtoto akijiunga na mpira hapati mpira peke yake, bali hupata marafiki, na jina la kuitwa, na mambo ambayo watu wa jina hilo huyafanya mchezo ukishakwisha. Huko Sweden nako Joseph Mahoney na Håkan Stattin walieleza mwaka 2000 kwamba watoto wenye shughuli za jioni zenye mpango na mtu mzima wa kuziongoza walikuwa na maovu kidogo, na waliokwenda katika nyumba za starehe za vijana, mahali pa kukaa tu pasipo mpango, walikuwa na maovu zaidi. Nyumba zile zilijengwa kwa nia njema na kwa fedha za serikali. Maskani yetu haikugharimu kitu, na matokeo ni mamoja.

Twataka sasa kueleza jambo letu wenyewe, ingawa halitupambi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kikundi cha vijana wa kasida na masomo, wavulana 12, umri wao baina ya miaka 14 na 17. Usiku mmoja mmoja wao alikutwa nyuma ya msikiti, ana bangi mfukoni. Umri wake miaka 15. Tukakutana. Mkutano wenyewe haukuchukua robo saa. Tukamtoa, tukawakataza wenziwe wasiseme naye mpaka atubu, na mmoja wetu akatia muhuri kwa methali ya samaki mmoja akioza. Tukaondoka nyoyo zetu zimetua, tukidhani tumeihifadhi amana.

Hatukuhisabu hesabu iliyo nyepesi kabisa. Jumatatu kijana yule alikuwa na marafiki 11 wenye kusali, na wawili wenye kuvuta bangi. Jumanne alikuwa na wale wawili tu. Nasi ndio tuliomchagulia. Haukupita mwaka akawa ametoka katika bangi ameingia katika unga, na mambo ya unga katika pwani hii hayataki maelezo. Hapana mtaa usiokuwa na nyumba iliyouza kitanda na sufuria. Mamake alikuja kwa mmoja wetu. Hakulia, wala hakutulaumu. Aliuliza jambo moja: mlipomtoa mlidhani atakwenda wapi? Kijana huyo yu hai, alhamdulillahi, na kila asubuhi huenda kwenye zahanati kunywa ile dawa wanayopewa wanaoacha unga. Lakini jibu la suali la mamake hatukuwa nalo siku ile, na hata leo hatunalo.

Kuhusu methali ile, twasema hivi. Samaki hana nia wala hana toba, na akishaoza hapana hila. Mwanadamu si samaki. Tena hata mvuvi hachukui samaki mmoja aliyeanza kulegea akamtupa katika kapu la waliooza, akatumai apone humo.

Iko hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito, hatutaki kuipita. Wazazi wa wale 11 wana haki zao. Mtoto wao ni amana pia, na dini yetu hairuhusu kuondoa dhara kwa kuleta dhara mfano wake. Kijana akiwa yuwauza, au yuwawaita wenziwe na kuwapa, huyo atengwe nao, wala hapana majadiliano. Lakini aliyeteleza naye yuwaona haya, akifichaficha kwa kuwa bado yataka heshima ya wenziwe, huyo ile haya yake ndiyo kamba iliyobakia mkononi mwetu. Kumtoa ni kuikata.

Na wako wenye shauri la tatu, ambalo tumelisikia mara nyingi mwaka huu katika mabaraza: wakusanywe vijana wote walioharibika, wawekwe mahali pamoja, wapewe mawaidha na michezo. Ni shauri la watu wenye huruma. Walakini lilikwisha jaribiwa. Katika miji ya Cambridge na Somerville, jirani ya Boston, mwaka 1939 kulianzishwa kazi kubwa ya kuwasaidia wavulana, wakiwamo waliokhofiwa kuharibika. Wote pamoja, waliosaidiwa na wa kulinganishwa nao, walikuwa 506. Waliosaidiwa walitembelewa majumbani, wakapewa masomo, wakapelekwa makambini wakati wa kiangazi. Alipokuja Joan McCord kuwatafuta baada ya miaka kama 30, akatangaza mwaka 1978 kwamba waliosaidiwa hawakuwa bora kuliko wasiosaidiwa, bali katika mambo kadhaa walikuwa wabaya zaidi. Na alipozidi kuchungua pamoja na wenziwe, katika maandishi ya mwaka 1999, wakaona kwamba madhara yale yalikuwa khasa kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Wakakisia kwamba wavulana waliowekwa pamoja huko walikuwa wakisimuliana ujanja wao, na kila aliyesimulia akachekewa. Ikiwa ni hivyo, kicheko kile ndicho kilichokuwa mwalimu, kikawashinda waalimu waliokuwa wakilipwa.

Kwa hiyo kijana aliyeteleza hafai kutupwa nje, wala hafai kukusanywa na wa mfano wake. Afaa awe mmoja katikati ya wengi walio wema, na mtu mzima awe karibu, si kwa ajili yake tu bali kwa ajili ya wale wengi.

Mtu mzima huyo ndiye tunayemkosa. Vikundi vya vijana mjini ni vingi. Mipira na dufu hununuliwa, na wafadhili hupatikana wakati wa uchaguzi kwa urahisi wa kutia aibu. Lakini kocha mwenyewe mara nyingi ni kijana wa miaka 22, ana muguka shavuni, na matusi ndiyo lugha ya mazoezi. Timu huiga kocha wake kabla ya kuiga uchezaji wake. Tumeona timu mbili katika uwanja mmoja: moja, adhana ya Magharibi ikilia, hutazamana na kucheka, ya pili hupigiwa kipenga dakika kumi kabla, na watoto hukimbilia bombani kushindana nani atatawadha kwanza. Hapana tofauti ya wazazi baina ya timu hizi, wala ya mtaa. Tofauti ni mtu mmoja mwenye kipenga. Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa Aslam wakishindana kutupa mishale, akawahimiza, akasema kwamba yeye yu pamoja na upande mmoja. Upande wa pili wakazuia mikono, wakasema watatupaje naye yuko na wale? Akawaambia watupe, yeye yu pamoja nao wote. Haya yamo katika Bukhari, kwa Salama bin Al-Akwa'. Alikuwapo uwanjani, na kuwapo kwake kulikuwa na uzito hata mikono ikasimama.

Na wasichana tusiwasahau, maana makala kama hizi huwasahau. Mtoto wa kike akizuiwa kutoka, twadhani amesalimika na hirimu zake. Simu imo mkononi mwake, na maskani nzima imo ndani ya simu, na humo hamna mtu mzima hata mmoja. Kikundi cha wasichana cha kusoma, au cha kushona, au cha kasida, chini ya mwanamke mwenye akili na subira, si anasa. Bibi zetu walikuwa nacho, ijapokuwa hawakukipa jina: walifundishana ukili na mapishi uani kwa mtu mzima mmoja, na mengi zaidi ya ukili walijifunza hapo.

Tumesema kwamba jambo letu la zamani halitupambi. Mwezi uliopita limetufika tena, kwa mtoto mwingine, katika timu tuliyoianzisha mwaka jana. Safari hii mkutano ulichukua siku tatu. Watu wawili katika sisi walikataa asibakie, na mmoja wao amemwondoa mwanawe katika timu. Hatumlaumu, na mlango u wazi kwake. Mtoto amebaki. Amepewa ufunguo wa stoo ya mipira na jezi, na babake amekubali kuja uwanjani kila Jumamosi, jambo ambalo halikuwa. Wenziwe wawili wanaokaa mtaa wake hurudi naye usiku baada ya Isha. Iwapo tumekosea, tutaandika hapa hapa kwamba tumekosea.

Watoto katika timu sasa ni 31, na watu wazima ni wanne. Twataka wengine wanne, hata wasiojua mpira, mradi waweze kukaa kutoka Alasiri mpaka Isha, siku ya Jumamosi, na kuyajua majina ya watoto na ya nyumba zao. Atakaye na atuone msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Na wanawake wawili wamekwisha jitolea kwa upande wa wasichana. Wanatafuta ua wenye kivuli.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.